Mgeni wa Siku ya Tatu: Makazi na Ugeni katika Landi za Reli, Muthurwa

Neno mgeni katika Kiswahili hukusanya maana ambazo lugha nyingine huzigawa. Aliyefika kwa jirani jioni moja akakaribishwa chakula ni mgeni. Asiyeifahamu kazi aliyoianza jana ni mgeni wa kazi hiyo. Na asiye raia wa nchi anamokaa naye pia ni mgeni. Methali ijulikanayo na wote, ya kwamba mgeni ni wa siku mbili na siku ya tatu apewe jembe, huihusu maana ya kwanza, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya kuhamia. Ugeni, kwa mujibu wa methali hiyo, ni hali ya muda. Una kikomo chake, na kikomo hicho ni kazi. Anayepewa jembe huwa ameanza kuingizwa miongoni mwa wenyeji.

Makala haya yanachunguza mahali ambapo mpango huo ulikwenda kinyume. Katika mtaa wa Muthurwa, ulio mashariki ya kitovu cha jiji la Nairobi, kando ya barabara iitwayo Landhies, mgeni alipewa jembe siku ya kwanza. Alilitumia kwa miaka ishirini, pengine thelathini. Ndipo alipoelezwa kwamba yeye ni mgeni. Wanaozungumziwa hapa hasa ni wafanyakazi wa reli waliotoka Uganda na Tanganyika, ingawa habari zao haziwezi kutengwa na za wenzao waliotoka Nyanza na sehemu nyingine za Kenya, kwa kuwa walikaa ukuta kwa ukuta. Kwa kawaida wanahistoria hueleza kuhama kama safari ya mtu anayevuka mpaka na kujikuta ugenini. Kwa watu wa Muthurwa mambo hayakuwa hivyo. Walihama ndani ya shirika moja, wakakaa, wakazaa, na mpaka ukaja baadaye kuwakuta chumbani.

Mji Usio na Mwenyeji

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, na mwaka huohuo makao makuu ya kazi yakahamishiwa hapo kutoka pwani. Nairobi haikuwa mji. Ilikuwa tambarare yenye majimaji ambamo Wamaasai walilisha na kunywesha mifugo yao, na jina lake lenyewe, lenye asili ya Kimaasai, lahusu ubaridi wa maji. Mahema, bohari na karakana vilitangulia, wakazi walifuata. Wako wanaolieleza neno mwenyeji kuwa limetokana na mwenye mji. Ikiwa maelezo hayo ni sahihi, basi Nairobi ilianza bila mwenyeji hata mmoja, ila Reli yenyewe. Wengine wote, kuanzia fundi wa Kipunjabi hadi mpagazi aliyepanda kutoka pwani, walikuwa wageni wasio na wa kuwakaribisha.

Vibarua na mafundi walioletwa kutoka Bara Hindi kwa ajili ya ujenzi huo walizidi 30,000. Wengi walirudi kwao mikataba yao ilipokwisha, na wapatao 6,700 wakabaki. Katika vitu walivyoviacha katika lugha ya mji, lipo neno moja linalohusu makala haya moja kwa moja, nalo ni landi. Waingereza waliliandika Landhies, na kwa kawaida neno hilo huhusishwa na lugha za Bara Hindi, kwa maana ya vibanda au mabweni ya wafanyakazi. Wasemaji wa Kiswahili wa Nairobi walilipokea bila taabu, wakalitumia kama nomino yao wenyewe. Ushahidi bora ni jina la Landi Mawe, mtaa usio mbali na Muthurwa: neno la Kihindi limekaa pamoja na neno la Kibantu, na maana yake ni landi zilizojengwa kwa mawe. Yafaa ikumbukwe kwamba mfanyakazi wa reli wa Tanganyika aliziita nyumba za namna hiyo kota. Kwa hiyo mtu aliyehamishwa kutoka Tabora kuja Nairobi alitoka kotani akaingia landini, na huenda hilo likawa ndilo neno la kwanza alilolazimika kujifunza.

Muthurwa ilijengwa na Reli kabla ya Vita Kuu ya Pili ili kuwaweka wafanyakazi wake Waafrika. Wazungu wa Reli walikaa mlimani, upande wa magharibi. Wahindi walikaa Ngara na pande zake. Waafrika waliwekwa mashariki, karibu na karakana na yadi za mabehewa. Nyumba zilikuwa safu ndefu za vyumba. Chumba kilikuwa kimoja. Bomba, vyoo na mahali pa kuogea vilikuwa vya wote. Vipimo hivyo havikutokana na ufinyu wa fedha peke yake. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mwanamume asiye na familia hapo alipo, mtu wa kupita, ambaye mke na watoto wake walikuwa rizavu wakijilisha kwa shamba. Mshahara ulipimwa kwa kipimo hicho, na chumba vilevile. Kipande, ambacho kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kukichukua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, kilitaja kabila lake, mahali atokako na mwajiri wake. Mtaa anaokaa haukuwa jambo la kuandikwa kama kwao.

Jambo jingine lililofungamana na hilo ni kwamba nyumba ilikuwa sehemu ya kazi. Aliyeacha kazi aliacha chumba. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa chumbani. Aliyestaafu alirudi atokako, na Reli haikuwa na haja ya kuuliza kama huko atokako bado kulikuwa na mtu wa kumpokea. Mpango wa jiji uliotolewa mwaka 1948 na L. W. Thornton White na wenzake ulipewa jina la mpango wa mji mkuu wa koloni, na jina hilo lilikuwa la kweli zaidi kuliko ambavyo pengine waandishi wake walikusudia. Ilikuwa mwaka 1954, Kamati ya Carpenter ilipotoa ripoti yake juu ya mishahara ya Waafrika, ambapo serikali ilishauriwa waziwazi kwamba mshahara upimwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Kufikia hapo vyumba vya Muthurwa vilikwisha simama, na ukuta hausogezwi na ripoti.

Hapa lazima itajwe mipaka, kwa kuwa ndiyo itakayorudi baadaye kuwadai watu. Hadi mwaka 1902 Kisumu na eneo kubwa la magharibi ya Kenya ya leo lilikuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo mstari ulisogezwa, na watu waliolala Waganda wa serikali wakaamka wakiwa watu wa himaya jirani bila kuhama. Wasamia na Wateso walibaki pande zote mbili za mstari huo, kama walivyobaki Wakuria katika mpaka wa Tanganyika. Reli yenyewe iliitwa Reli ya Uganda ingawa sehemu yake ya kwanza yote, kutoka Mombasa hadi ziwani, ilikuja kuwa ndani ya Kenya. Njia ilifika Kampala mwaka 1931. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika, zikawa shirika moja lenye makao makuu Nairobi. Kuanzia hapo Mganda au Mhaya aliyeajiriwa na Reli aliweza kupelekwa Nairobi kwa barua ya idara, kama vile Mjaluo wa Kisumu alivyoweza kupelekwa Kampala, akakaa Nsambya, au Dar es Salaam, akakaa Gerezani. Hiyo haikuitwa kuhamia nchi za nje. Iliitwa uhamisho.

Nyumba na Nyumbani

Msikilizaji makini wa Kiswahili cha Nairobi hukuta tofauti ambayo vitabu vya sarufi havikuitazamia. Mkazi wa mjini humo husema anakwenda kwa nyumba, akiwa na maana ya chumba chake cha kupanga, na husema anakwenda nyumbani akiwa na maana ya kwao, yaani Siaya, Kakamega, Machakos au Masaka. Walimu wa Kiswahili wamezoea kuikosoa kwa nyumba kuwa ni uharibifu wa kiambishi -ni cha mahali. Ni kweli kwamba Kiswahili cha bara hukitumia kihusishi kwa kila mahali, hata katika kwa meza na kwa mfuko, na kwa hiyo mtu angeweza kudai kuwa hapana jambo la kihistoria hapa. Hata hivyo msemaji yuleyule anayesema kwa nyumba hawezi kulitumia fungu hilo kwa mahali alipozikwa babu yake. Huko ni nyumbani tu. Kiambishi hakikusahauliwa. Kimewekewa akiba.

Yaelekea tofauti hiyo ilikuwapo vichwani mwa wasemaji kabla ya kuvaa Kiswahili. Kijaluo hutenga ot, nyumba ya kulala, na dala, boma lililoanzishwa kwa taratibu zake. Kikikuyu kina nyũmba na mũciĩ. Kiganda kina nnyumba na maka. Waliokutana Muthurwa walikuja kila mmoja na jozi yake, wakalazimika kuisema kwa lugha moja, na lugha hiyo ikawapa umbo moja, nyumba, lenye uwezo wa kugawanywa kwa namna mbili. Kwamba jambo hili si la wanaisimu peke yao lilidhihirika katika mahakama za Nairobi mwaka 1987, katika mzozo wa maziko ya wakili S. M. Otieno, ambapo mawakili na mashahidi walibishana kwa miezi kama mtu aliyekaa mjini maisha yake yote ana nyumba tu huko mjini au ana nyumbani. Marehemu alizikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Otieno alikuwa mtu wa cheo na mwenye mali. Kama yeye alihukumiwa kuwa mjini ana ot tu, mfanyakazi wa kuunganisha mabehewa katika chumba cha Reli angepewa nini?

Hata hivyo itakuwa kosa kuamini kwamba, kwa kuwa chumba hakikuitwa nyumbani, hakikufanywa makazi. Reli ilikusudia chumba cha mwanamume mmoja. Wenye chumba walikigawa kwa pazia. Nyuma ya pazia kilikuwa kitanda, mbele yake viti, meza na vyombo, na usiku mbele pakawa malalo ya watoto na ya ndugu aliyekuja kutafuta kazi. Wake walikuja baada ya mavuno na kurudi kabla ya kupanda, hata ikawa kalenda ya landi ni kalenda ya mashamba ya mbali. Baadaye wengine hawakurudi tena, hasa watoto walipoanza shule. Mke wa mtu wa Nyanza aliweza kufanya safari hiyo kila mwaka. Mke wa mtu wa Masaka au Bukoba alikuwa na njia ndefu zaidi, na ni jambo la kufikirika kwamba ndiyo sababu familia za mbali zaidi zilikaa kwa kudumu zaidi. Hapo pana kinyume kinachostahili kuangaliwa: aliyekuja kuitwa mgeni ndiye aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kukaa.

Vyama vya watu watokao mahali pamoja vilifanya kazi ambayo mwajiri hakuitaka na serikali haikuijali: kusafirisha maiti, kumkopesha aliyefika bila kitu, kuamua ugomvi wa ndoa. Luo Union ndiyo iliyojulikana kuliko vyote, na matawi yake yalivuka mipaka ya nchi zote tatu bila kuiona. Operesheni Anvil ya Aprili 1954, ambayo iliwakumba Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi na kuwapeleka kwa maelfu kizuizini au mashambani, ilibadili sura ya mitaa yote ya Eastlands. Nafasi zilizoachwa wazi katika kazi na vyumbani zilijazwa na watu wa magharibi na wa mbali zaidi. Ni vigumu kuusema ukweli huu bila uchungu: ukaribisho ambao baadhi ya wageni wa miaka hiyo waliupata mjini ulitokana na kufukuzwa kwa wengine.

Kiswahili cha Bombani

Bomba lilikuwa la wote, na palipo na bomba la wote lazima pawe na lugha ya wote. Wanaotaka kujua Kiswahili cha Nairobi kilikotoka wafaa kuanza hapo kabla ya kwenda shuleni.

Aliyetoka Buganda alifika na shaka juu ya lugha hii. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya elimu na utawala nchini Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga, akihofia kwamba Kiganda kingepoteza nafasi yake na kwamba Buganda ingevutwa katika muungano na makoloni ya walowezi. Katika masikio ya Waganda wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na vibarua. Mtu huyo alipopewa chumba Muthurwa alikuta kwamba ndiyo lugha ya msimamizi wake, ya muuza makaa, ya jirani wa kushoto ambaye ni Mkamba, na ya mtoto wake mwenyewe baada ya mwaka mmoja wa kucheza nje. Hakuna sera iliyofanya kazi hiyo. Aliyetoka Tanganyika alikuwa na taabu ya namna nyingine: alikijua Kiswahili vizuri kuliko jirani zake, akachekwa kwa kukisema vizuri.

Ushahidi wa mchanganyiko huo umo katika majina ya makabila yenyewe. Wasemaji wa Kijaluo humwita mtu wao mmoja Jaluo na wengi Joluo, ambapo ja- na jo- ni viambishi. Kiswahili cha mtaani kilichukua umbo la umoja pamoja na kiambishi chake, kikaongeza cha kwake juu, tukapata Mjaluo na Wajaluo, yaani mtu aliyevishwa viambishi viwili. Kwa muda mrefu Waluo na Waluhya walitiwa katika kapu moja la Wakavirondo. Jina la Abaluhya lilienea katika miaka ya 1930 na 1940, na watu wa mijini walikuwa na sehemu kubwa katika kulieneza, kwa kuwa mjini ndiko walikojiona wamoja mbele ya wengine. Kwa maneno mengine, mtu aliweza kufika Muthurwa akiwa Msamia au Mmaragoli na kupata humo kabila pana zaidi.

Ni jambo la kufurahisha kidogo kwamba Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, nayo iliishi maisha ya mfanyakazi wa reli. Ilianzia Dar es Salaam, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1942, ikapelekwa Makerere mwaka 1952, ikapita Mombasa, ikarudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kwa miaka kumi, basi, wasanifishaji na watu wa bombani walikaa katika mji mmoja. Hakuna dalili kubwa kwamba walisikilizana.

Wanaisimu walifika baadaye. David Parkin alichunguza jinsi wakazi wa Nairobi walivyobadili lugha kulingana na msikilizaji na mahali, na makala yake yalitolewa mwaka 1974 katika kitabu cha lugha za Kenya kilichohaririwa na W. H. Whiteley. Lakini kazi yake inayohusu zaidi mada hii ni ya mapema zaidi, nayo ilihusu Kampala. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1969 alieleza mtaa wa mashariki ya Kampala ambamo Wakenya na Waganda walikaa pamoja, na jina la kitabu hicho liliweka majirani upande mmoja na raia upande mwingine. Kilikuwa kimetangulia matukio kwa mwaka mmoja tu.

Ugeni Wafika

Uhuru ulikuja Tanganyika mwaka 1961, Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963. Bendera tatu zilipandishwa, na Reli ikabaki moja. Mkataba uliotiwa sahihi Kampala mwezi Juni 1967 uliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuyagawanya makao makuu ya huduma za pamoja: Jumuiya yenyewe Arusha, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege Nairobi. Kwa mtu wa Muthurwa mkataba huo ulikuwa uthibitisho kwamba yumo mahali pake. Alikuwa mtumishi wa Jumuiya, katika makao makuu ya shirika lake. Sheria za uhamiaji na biashara zilizotungwa Kenya mwaka 1967 ziliwahangaisha zaidi Waasia, na wengi wao wakaondoka kwenda Uingereza kabla mlango wa huko haujabanwa Machi 1968. Miongoni mwao walikuwamo watoto na wajukuu wa wale waliolileta neno landi.

Ishara ya kwanza kwa Waafrika ilitoka upande wa pili. Oktoba 1970 serikali ya Obote iliamuru wafanyakazi wa kigeni wasio na ujuzi waondoke Uganda, na maelfu ya Wakenya, wengi wao Waluo, wakarudi nchi ambayo baadhi yao walikuwa hawajaikaa tangu ujana. Mwezi Februari 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ya Uganda, kwa hoja ya mipaka ya kabla ya mwaka 1902. Madai hayo hayakufika mbali, lakini yalimfanya kila mtu aliyezaliwa ng'ambo ya Malaba ajue anatoka wapi hata kama alikuwa amesahau. Wakati huohuo shirika lenyewe lilikuwa likikatika vipande. Upelekaji wa fedha kutoka mikoa ya reli kwenda makao makuu ulikuwa umekwisha kuwa ugomvi wa kisiasa, na kila nchi ikawa yashikilia vichwa vya garimoshi na mabehewa yaliyokutwa upande wake.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati ya mwaka 1977 bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na Jumuiya ikafa. Mashirika matatu ya reli yakachukua nafasi ya lile moja, na la Kenya likaundwa kwa sheria ya mwaka 1978.

Sasa mtu wa Musoma aliyekaa Muthurwa tangu miaka ya 1950 alikuwa na maswali matatu kwa wakati mmoja. Chumba ni cha kazi. Je, kazi ni ya nani? Nyumbani ni ng'ambo ya mpaka uliofungwa, atakwendaje? Na watoto wake, waliozaliwa Nairobi na kusema Kiswahili cha bombani, ni watu wa wapi? Kiswahili kilikuwa na neno la kumjibu, lakini neno hilo lenyewe lilikuwa limebadilika. Raia, katika matumizi ya kila siku, ni mtu asiye askari. Na katika matumizi ya zamani ni mtu aliye chini ya mtawala. Maana ya mtu aliyeandikishwa katika nchi, mwenye haki ambazo jirani yake hana, ilikuwa bado changa. Watu waliokuwa raia kwa maana mbili za kwanza waligundua kwamba hawamo katika ya tatu.

Methali ya jembe haina siku ya nne. Haisemi lolote juu ya jamii inayompa mgeni jembe, ikala mazao yake, kisha ikakumbuka kwamba ni mgeni.

Malipo ya Uzeeni

Kazi ya kugawanya mali na madeni ya Jumuiya ilisimamiwa na Victor Umbricht, Mswisi, na mapatano yakatiwa sahihi Arusha mwezi Mei 1984. Katika mapatano hayo mna kifungu ambacho kinastahili kusomwa na kila mtu anayeandika historia ya kuhama katika Afrika Mashariki. Kila nchi ilikubali kuwalipa pensheni na viinua mgongo raia wake waliotumikia mashirika ya Jumuiya. Kipimo hakikuwa mahali mtu alipofanya kazi, wala mahali alipokaa, wala mahali alipokatwa michango yake. Kipimo kilikuwa uraia. Mtu aliyetumikia Nairobi miaka 25 alitakiwa adai malipo yake kwa nchi aliyoiacha akiwa kijana, na aliyechukua uraia wa Kenya akadai kwa Kenya. Kwa kifungu kimoja, suala ambalo watu wa landi walikuwa wameishi bila kulijibu, la wapi ni kwao, lilijibiwa kwa niaba yao na mhasibu. Nchini Tanzania madai ya wastaafu wa Jumuiya yaliendelea hadi ndani ya karne ya 21, kwa kesi na kwa maandamano ya wazee katika barabara za Dar es Salaam.

Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja, ambayo inataja haki ya raia wa nchi wanachama kukaa katika nchi nyingine ya Jumuiya, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Mwaka huohuo wa 2010 wakazi wa Muthurwa walikwenda Mahakama Kuu ya Kenya. Reli ilikuwa imekodishwa kwa kampuni binafsi mwaka 2006, na ardhi ya mtaa huo ilikwisha kabidhiwa mfuko wa malipo ya uzeeni wa wafanyakazi wa shirika la reli. Wadhamini wa mfuko huo walitaka kuiendeleza, na ubomoaji ulikuwa umeanza. Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa, ikiwamo haki ya makazi iliyomo katika kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010.

Katika kesi hiyo wakazi walitajwa kama wapangaji. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi ya reli, na wengine walikuwa watoto na wajukuu wa watu wa reli. Upande wa pili wa kesi ulikuwa mfuko ulioundwa ili wastaafu wa reli walipwe, na ambao ungepata fedha za kuwalipa kwa kuiendeleza ardhi iliyobeba safu zilezile za vyumba.